Simu Ndani ya Kopo la Biskuti

Waliosema bandu bandu huisha gogo walisema kweli, lakini hawakusema yote. Hawakutuambia gogo ni la nani, wala mwenye shoka huchoka kiasi gani kabla gogo halijaisha. Maana yake inajulikana: jambo kubwa likimegwa kidogo kidogo, mwishowe humalizika. Anayemega akiwa mwingine, mali yako huisha. Anayemega ukiwa wewe, ukaidi wa mwenzako huisha. Mama Mapacha aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu hakujua ni shoka lipi litakalotangulia kumaliza kazi.

Mama Mapacha alikuwa dobi. Aliianza kazi hiyo mabinti zake pacha wakiwa bado wananyonya, akaendelea nayo hata walipoolewa na kwenda mbali. Uani kwake kamba zilipishana kutoka ukuta hadi ukuta, na kila nguo iliyoanikwa ilikuwa na uzi wa rangi ulioshonwa ndani ya ukosi: mwekundu wa mwalimu mkuu, kijani wa kinyozi, njano wa mama wa ghorofani. Hakuwahi kumpa mtu shati la mtu mwingine. Lakini maji na sabuni havijui kushukuru. Ngozi ya vidole vyake ilianza kupasuka, viungo vikavimba, na asubuhi za baridi alishindwa hata kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Daktari wa zahanati aliigeuza mikono ile juu chini, akamwambia bila kuzunguka, "Mama, ukiendelea kukamua mashuka kwa mikono hii, mwakani hutashika kijiko."

Ndipo akanunua mashine ya kufulia kwa mkopo. Nyumba ya wageni, iliyokuwa mteja wake mkubwa, ilikuwa ikimlipa kupitia benki. Akakubaliana na benki kwamba kila mwezi ikate rejesho la mashine kutoka kwenye akaunti hiyo na kulipeleka kwa mwuzaji. Yeye kazi yake ingekuwa kufua tu. Siku mashine ilipoletwa aliketi mbele yake kwenye kigoda, akaitazama ikizunguka mpaka ikamaliza, naye mumewe akamtania kwamba hatimaye amepata televisheni.

Mumewe huyo, Baba Mapacha, alikuwa dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo. Siku hizi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha tangu chai ya asubuhi hadi giza. Akitaka kitu aliita, na asipotaka kitu aliita vilevile, ili ajue kama mkewe yupo.

Basi mwezi mmoja benki ikakata rejesho mara mbili kwa siku moja. La kwanza lilimfikia mwuzaji. La pili halikumfikia mtu yeyote. Lilitoka kwa Mama Mapacha likapotelea humo humo benkini. Akaunti ikashuka chini ya sifuri, na benki, ambayo ndiyo iliyoishusha, ikamtoza ada ya kushuka chini ya sifuri. Malipo ya umeme yakakataliwa kwa kukosa salio, ikaja ada nyingine. Pesa za nyumba ya wageni zilipoingia zilimezwa na deni pamoja na zile ada, kwa hiyo rejesho la mwezi uliofuata likakosa pa kukatwa, na hilo nalo likawa na ada yake. Ikawa sasa mama wa watu anatozwa kwa sababu ametozwa.

Alikwenda benki akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Dirishani alikuwepo kijana mwenye tai, mpole kwa kweli, aliyemsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mtandao, mama," kijana alisema. "Ulikwama, malipo yakatumwa tena. Huwa inajirekebisha yenyewe."

"Na hizi ada?"

"Nazo zitajirekebisha."

"Lini, mwanangu?"

"Nimeshaandika malalamiko yako. Tutakupigia simu."

Neno hilo ni tamu masikioni. Mtu akiambiwa atapigiwa simu, hutoka akiwa ameinua kichwa, akidhani kuna mtu mahali fulani ambaye hatalala mpaka shida yake iishe. Mama Mapacha alitoka hivyo. Alirudi nyumbani, akabadili nguo, akaingiza mashuka kwenye mashine na kuanza kungoja.

Hakupigiwa, au ndivyo alivyoamini. Wiki ilipopita alisema atarudi huko, na mumewe akacheka pale kitini.

"Achana nao, Mama Mapacha. Vijisenti hivyo. Benki ni tembo, ukimchoma sindano hata hageuki."

"Sindano ndiyo niliyo nayo," alisema mkewe.

Baba Mapacha hakupenda jibu hilo, akaamua kwenda naye ili amwonyeshe jinsi mambo yanavyodaiwa. Alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na injini ya lori, na siku hiyo aliitoa yote. Aliwaita wezi, akawaita kupe, akapiga dirisha kwa kiganja mpaka waliokuwa kwenye foleni wakasogea nyuma. Mlinzi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, alikuja akamshika kiwiko kwa adabu. "Mzee wangu, twende tukapate hewa kidogo." Nje, Baba Mapacha alishikwa na kikohozi na mgongo ukamkaza, na ikabidi mkewe amshike mkono njia nzima. Waliokuwa wakipita walimwangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Aliapa kuwa hatakanyaga tena pale maisha yake yote. Ni katika viapo vichache alivyovishika bila shida, kwani kukivunja kulihitaji kuinuka kitini.

Mama Mapacha akaendelea peke yake. Alichagua Alhamisi, siku ambayo nguo nyingi zimeshatoka na mpya hazijaingia. Kila alipokwenda alimkuta karani mwingine dirishani, na kila karani alimwanzisha upya: jina, namba ya akaunti, tatizo nini mama. Alikuja kulieleza jambo lake kwa ufasaha hata likawa kama shairi la kukariri, na kama mashairi mengi ya kukariri, likaacha kumwuma mtu yeyote. Alhamisi moja alimkuta binti mwenye kucha ndefu, ambaye alibonyeza hiki na kile kisha akakunja uso.

"Malalamiko yako yamefungwa, mama."

"Yamefungwa na nani?"

"Hapa pameandikwa: mteja hakupatikana kwa simu. Mteja asipopatikana, yanafungwa."

"Mimi nipo siku zote, mwanangu. Sijaenda popote."

"Ulipigiwa. Hata yale ya kabla yake yalifungwa hivyo hivyo." Binti alimtazama, na ilionekana anamwonea huruma, lakini nyuma foleni ilikuwa ndefu. "Nikufungulie mapya?"

"Fungua," alisema Mama Mapacha.

Sasa hapa ndipo pana kosa ambalo ni dobi peke yake angeweza kulifanya. Simu yake ya kwanza ilidumbukia kwenye beseni la nguo nyeupe ikafa humo. Tangu siku hiyo, kila alipoanza kufua aliiweka simu kwenye kopo la biskuti, akalifunika vizuri, akalipandisha juu ya kabati chumbani. Humo haikuingia maji wala mvuke. Sauti nayo haikutoka. Yeye alikuwa uani, mashine ikinguruma, na mikono ikiwa ndani ya povu. Waliompigia walipiga saa za kazi, na saa za kazi za benki ndizo saa za kazi za dobi. Jioni alikuta namba ngeni imempigia, asijue ni ya benki, na akiipigia alijibiwa kwamba haipokei simu.

Alipolitambua hilo alilishusha kopo, akalifungua kifuniko, akaliweka kwenye dirisha karibu na kiti cha mumewe.

"Baba Mapacha, simu ikilia ipokee. Ni watu wa benki. Waambie nakuja, kisha niite."

"Haya," alisema mumewe bila kugeuka.

Alhamisi iliyofuata malalamiko yalikuwa yamefungwa tena. Mteja hakupatikana. Aliporudi nyumbani alimwuliza mumewe kama simu ililia. Baba Mapacha alisema hakusikia kitu. Masikio ya mtu aliyeendesha malori miaka yote ile, nani angeyalaumu? Mkewe hakuyalaumu.

Wakati huo ada zilikuwa zinaendelea, kila moja ndogo, kila moja na jina lake la heshima. Umeme ulikatwa, na mpaka alipokopa pesa kwa mama wa ghorofani ili urudishwe, mashine ilisimama kimya naye akarudi kukamua mashuka kwa mikono. Jioni moja alichukua chupa ya chai ili amimine, vidole vikakataa kuuzungusha mfuniko. Alijaribu tena, vikakataa tena. Akamsogezea mumewe ile chupa, naye Baba Mapacha akaifungua, akamimina vikombe viwili. Siku hiyo hakuutaja ule utani wake wa televisheni.

Kisha mwuzaji wa mashine akaja mwenyewe. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu."

"Mama, mimi sina ugomvi nawe. Mikono yako naiona. Lakini na mimi kuna wanaonidai. Rejesho la mwezi uliopita sijalipata, na mkataba unaujua. Mwezi huu ukiisha kabla halijaingia, nitakuja na gari siku ya mwisho, saa sita mchana. Usinione mbaya."

"Pesa zimo benki," alisema Mama Mapacha. "Walizikata, hawakukupa."

"Nakuamini. Ila siwezi kuwalipa wanaonidai kwa kuamini."

Alikuwa mtu mwenye haki, na hilo lilifanya jambo kuwa gumu zaidi. Mtu ukimchukia unapata nguvu. Huyu alikunywa maji, akashukuru, akaondoka, na Mama Mapacha akabaki uani akiitazama mashine kama mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya mbali.

Akawaza hivi. Wao hunipigia ninapofua. Basi wakati wa kupigiwa nisiwe nafua. Simu iwe mkononi, nami niwe mahali pakavu. Na kama ni kukaa mahali pakavu, kuna mahali gani pakavu kuliko pale pale kwao? Wakipiga sitakuwa na safari ndefu.

Kuanzia siku hiyo alianza kufua alfajiri. Benki ilipofungua alikuwa mlangoni na mfuko wa nguo za kutengeneza, kwa kuwa dobi mzuri hushona pia vifungo na pindo zilizoachia. Aliketi kwenye benchi la upande wa kushoto, akaiweka simu mapajani, akaanza kazi.

"Mama, unamsubiri nani?" aliuliza mlinzi, yule yule mwenye sauti ndogo.

"Nasubiri simu."

"Simu si unaisubiri hata nyumbani?"

"Nyumbani hainipati."

Mlinzi alifikiri kidogo akaona hakuna sheria inayokataza. Kifungo cha shati lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mama Mapacha alimwambia asogee, akakishona shati likiwa mwilini, mlinzi akiwa ameinua kidevu juu na kuendelea kulinda kwa macho. Baada ya hapo walizoeana. Alimweleza kwamba watu wa malalamiko wako ghorofani, mlango wa kwanza, na kwamba mteja haruhusiwi kupanda mpaka aitwe na wao wenyewe.

"Na wanaita vipi?"

"Kwa simu," alisema mlinzi.

Tuseme ukweli, kukaa kulimchosha kuliko kufua. Mtu anayefua huona nguo ikitakata, lakini anayengoja haoni chochote. Watu walimzoea kiasi kwamba waliingia na kumwuliza foleni ipi inakwenda haraka, naye aliwajibu. Wengine walidhani ameajiriwa. Nyumbani nguo zilichelewa, na kinyozi, mteja wa uzi wa kijani, alikuja akachukua mashati yake na kusema amepata dobi mwingine aliye karibu zaidi, ingawa hakuna aliyekuwa karibu zaidi. Mama Mapacha alivitoa vile vipande vya uzi wa kijani kwenye kikapu chake cha kushonea, akavitupa. Alichoka hata hasira ikamwishia. Jioni moja, akifunga mfuko wake, alimwambia mlinzi, "Kesho siji. Wachukue tu."

"Utakuja," alisema mlinzi.

"Nimesema siji."

Kesho yake alikuja. Hata hakujua ni kwa nini; miguu ilikuwa imezoea njia.

Siku ya mwisho ya mwezi alisimama mlangoni kwake asubuhi, mfuko mkononi, akasita. Saa sita gari lingekuja. Alitamani kukaa awepo mashine yake inapoondoka, kama mtu anavyotaka kumsindikiza ndugu yake.

"Nenda," alisema Baba Mapacha kutoka kitini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo. "Mimi nipo hapa."

Akaenda. Aliketi, akatunga uzi, akashona pindo la suruali ya mtu. Joto lilipozidi, watu wa ghorofani walifungua mlango wao ili wapate hewa. Saa sita ilipokaribia simu ililia mapajani. Aliidondosha sindano.

"Halo."

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kutoka benki, kitengo cha malalamiko. Naongea na mwenye akaunti?"

"Ndiye mimi."

"Umepatikana," ile sauti ilisema, kama mtu aliyebisha hodi kwa mazoea akashangaa kufunguliwa. Mama Mapacha naye alikuwa anashangaa jambo lingine: maneno aliyasikia mara mbili, mara ya kwanza kutoka ngazini, mara ya pili sikioni mwake. Aliinuka, akauweka mfuko begani, akaelekea kwenye ngazi. Mlinzi alimkazia macho.

"Nimeitwa," alimwambia, akimwonyesha simu.

Mlinzi akageuka na kuitazama barabara kwa makini sana.

"Mama, bado uko hewani?" sauti iliuliza. "Uko wapi sasa hivi?"

"Niko ngazini."

"Ngazi za wapi?"

"Zenu, mwanangu."

Alimkuta mtu wa makamo, nywele zimempungua utosini, mezani ana sahani iliyofunikwa ambayo hakuigusa. Alibaki ameshika simu sikioni ingawa mteja alikuwa mbele yake. Mama Mapacha alikuwa amemwandalia maneno makali mtu huyu kwa wiki nyingi. Alipomwona, yalimpotea. Mtu mwenyewe alikuwa amechoka kama yeye.

"Kumbe ni wewe," alisema akiiweka simu chini. "Jina lako nimelifunga sijui mara ngapi. Kaa, mama."

"Kwa nini unafunga?"

"Tumeambiwa tupige mara moja. Mteja asipopokea tufunge, twende kwa mwingine. Wako wengi, mama. Na wengi hawapokei."

"Wako kazini," alisema Mama Mapacha.

Bwana yule aligeukia kompyuta yake na kutazama, na haikumchukua muda kuona. Malipo mawili yaliyofanana, siku moja, moja nyuma ya jingine.

"Hili ni kosa letu. Liko wazi kabisa."

"Liko wazi tangu lini?"

Aliisoma tarehe. "Tangu siku ile ile."

Alimwita meneja aidhinishe. Meneja aliingia akiongea na mtu mwingine kwenye simu, akainama, akasoma kwa muda usiotosha kutunga uzi kwenye sindano, akabonyeza, akatoka akiwa bado anaongea. Bwana wa malalamiko alisema rejesho lililopotea litatumwa kwa mwuzaji sasa hivi na ada zote zitarudishwa ndani ya siku chache. Basi. Miezi ile yote, mabenchi, alfajiri, kinyozi, ilikuwa inangojea watu wawili wabonyeze. Mama Mapacha alitaka kufurahi, akakuta furaha haipo alipodhani ameiacha. Aliomba maji ya kunywa.

Alipofika nyumbani gari lilikuwa limeegeshwa nje. Aliingia uani, akaikuta mashine imeshavutwa kutoka ukutani hadi karibu na mlango, mpira wake wa maji umekunjwa. Juu ya mashine, miguu ikining'inia, alikuwa ameketi Baba Mapacha. Mwuzaji alikuwa kwenye kigoda, kofia gotini, bilauri ya maji mkononi.

"Nimemwambia akusubiri," alisema Baba Mapacha. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya lori. "Nimemwambia wewe ukienda lazima utarudi."

"Mama, huyu mzee," alisema mwuzaji kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "hagombi, hatukani, amekaa tu. Nimembembeleza mpaka koo limekauka. Sasa nitambeba naye?"

"Zimetumwa," alisema Mama Mapacha.

"Mama, usinifanyie hivyo. Nimeshasikia neno hilo sana."

"Kunywa maji yako, usubiri kidogo."

Walisubiri wote watatu. Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba ambalo mashine ilikuwa imeunganishwa nalo, tone moja, kisha jingine. Simu ya mwuzaji ikatoa mlio mfukoni. Aliisoma, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma tena.

"Imeingia," alisema. Aliivaa kofia yake, akamsaidia Baba Mapacha kushuka, akaisukuma mashine hadi mahali pake kwa mikono yake mwenyewe na kuufunga mpira. "Samahani, mama," alisema akiondoka, na alikuwa anamaanisha.

Walipobaki wawili, Baba Mapacha hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama katikati ya ua ameshika kiuno.

"Ile simu," alisema. "Ilikuwa inalia kwenye kopo. Niliisikia."

Mkewe aligeuka.

"Kila mara niliisikia. Nilidhani ni huyu bwana anadai mashine yake. Sikutaka kuwa mtu wa kukuletea habari hiyo. Nikaona heri isipokelewe."

Ilimuuma Mama Mapacha, tena haikuwa kidogo. Alilifikiria lile benchi, akaufikiria uzi wa kijani alioutupa. Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa kweli. Alijisikia hana nguvu ya kuyabeba kutoka moyoni hadi mdomoni.

"Nifungulie chupa ya chai," alisema.

Akamfungulia.

Siku chache baadaye benki ilituma ujumbe, na ada zote zilikuwa zimerudishwa kama walivyoahidi. Walikuwa wameketi wakinywa chai ya asubuhi, na mashine ilikuwa inazunguka uani. Mama Mapacha alisoma hadi mwisho, kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Chini kabisa palikuwa na kato jipya: ada ya kushughulikia malalamiko.

"Wamenitoza kwa kulalamika," alisema, akifuta macho. "Si kitu. Vijisenti. Nimechoka, Baba Mapacha, waache wavile."

Mumewe aliweka kikombe chini.

"Vijisenti ndivyo vilivyoleta gari hapa," alisema. Aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa viatu, na shati lake lililopigwa pasi likiwa na vifungo vyote.

"Uliapa hutakanyaga pale."

"Niliapa."

"Unakwenda kugomba?"

"Nakwenda kukaa. Benchi liko upande gani?"

"Kushoto, karibu na mlinzi," alisema Mama Mapacha. "Mwambie umetoka kwangu. Na wakisema watapiga simu, usiondoke."

Baba Mapacha alikwenda dirishani, akaitoa simu kwenye kopo la biskuti, akajaribu mlio wake kwa sauti ya juu kabisa, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati. Kopo lenyewe alimrudishia mkewe, akamwambia aweke vifungo vyake humo. Mama Mapacha alibaki kitini, kwenye kiti cha mumewe, mikono yake imelala mapajani bila kazi, akimtazama kupitia dirisha. Mgongo ulimruhusu hatua fupi tu, naye akaenda hivyo hivyo, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine. Leo huenda wasimsikilize, na kesho huenda wakamwambia aanze upya. Atarudi tu, kwa maana amekwisha kuona kwa macho yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, kwamba bandu bandu huisha gogo.